IST za Ngara na Biharamulo: Stika kiooni, breki hazijulikani

Na Mwandishi Wetu, Ngara

MTU yeyote mwenye simu anaweza kuingiza namba ya gari katika mfumo wa faini wa Jeshi la Polisi na kuona, kwa sekunde chache, gari hilo linadaiwa shilingi ngapi. Anaweza pia kuhakiki kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) iwapo bima ya gari hilo ingali hai. Jambo moja hawezi kuliona popote: kama breki za gari hilo zinafanya kazi.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye gari lake na fundi wake, pengo hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini kwa abiria anayesimama Benako wilayani Ngara, au Nyakanazi wilayani Biharamulo, akisubiri gari dogo la milango mitano limfikishe hospitali ya Murgwanza, Rulenge au Biharamulo mjini, ni suala la uhai. Abiria huyo halijui gari, hamjui fundi wake, na mara nyingi hamjui hata mwenye gari.

Makala haya yanaliangalia gari moja tu miongoni mwa yanayobeba watu katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera, nalo ni Toyota IST. Yanayosemwa juu yake yanazihusu pia ndugu zake, Vitz, Passo na Ractis, na kwa kiasi kikubwa Probox. Swali ni jepesi: gari la namna hii likipelekwa kwenye ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, linafaulu au linashindwa, na linashindwa kwa sababu gani?

Katika nchi kadhaa swali hilo lina jibu lenye takwimu, tena lililo wazi kwa kila mwananchi. Kwetu halina. Na kutokuwapo kwa jibu hilo ndiko kunakostahili kujadiliwa, kwa kuwa ukaguzi usioacha majibu hauwezi kumlinda mtu.

Barabara na gari lake

Barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo, yenye urefu wa takribani kilomita 90, ni sehemu ya Ushoroba wa Kati unaoiunganisha bandari ya Dar es Salaam na Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Malori ya mafuta, saruji na makontena hupita hapo usiku na mchana. Pale Nyakasanza njia huchepuka kwenda Ngara mjini, Kabanga na mpaka wa Burundi. Pale Nyakanazi huchepuka kuelekea Kibondo na Kigoma.

Katika miaka ya 2000 neno usalama kwenye njia hizi lilikuwa na maana moja, nayo ni majambazi. Magari yalikusanywa na kusindikizwa na askari wenye silaha kuvuka misitu ya Biharamulo. Aliyefika salama alimshukuru Mungu kwamba hakutekwa, wala hakukumbuka kuuliza habari za tairi.

Mambo yamebadilika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 320,056 wilayani Ngara na 323,486 wilayani Biharamulo, na idadi imeendelea kupanda. Mabasi makubwa yanakwenda mbali, Mwanza, Kahama, Dar es Salaam. Safari fupi za mnadani, hospitali, shuleni na mahakamani zimebaki mikononi mwa bodaboda na magari madogo ambayo watu wameyapa jina la michomoko.

Toyota ilianza kuuza IST nchini Japani mwaka 2002, na toleo lake la kwanza likaendelea hadi mwaka 2007. Ina injini ya lita 1.3 au 1.5, uzito wa takribani tani moja, na viti vitano. Ni gari lililobuniwa kwa ajili ya familia ndogo ya mjini, barabara ya lami na maegesho finyu. Iliyotengenezwa mwaka 2005 ilitimiza miaka 20 mwaka 2025. Ndiyo hiyo ambayo leo inaitwa basi la kijijini.

Safari ya karatasi

Kabla ya kufika kwetu, gari hilo liliishi katika nchi yenye ukaguzi mkali. Japani hulikagua gari jipya la binafsi baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Wenyewe huuita ukaguzi huo shaken. Gharama zake, pamoja na kodi zinazoambatana nao, huwafanya wamiliki wengi waone heri kuuza gari kuliko kulipeleka ukaguzi mwingine. Hiyo ni moja ya sababu za magari ya mitumba ya nchi hiyo kujaa katika masoko yetu.

Likivuka bahari, gari hukutana na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa miaka kadhaa ukaguzi wa TBS ulifanyika huko yatokako magari, kupitia kampuni zilizoingia mkataba na shirika hilo. Kuanzia Aprili 1, 2021 ulihamishiwa Dar es Salaam, gari linapoteremshwa bandarini. Iwe huko au huku, nia ilikuwa moja: kuhakikisha gari lililotumika linafaa barabarani siku linapoingia nchini.

Baada ya hapo gari husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), hupewa namba, na karatasi zake hukoma kuzungumza habari za ubora. Tangu siku hiyo soko huanza kulipima kwa herufi. Muuzaji husema ni namba D, au ni namba E, na mnunuzi huelewa kuwa gari ni jipya. Ukweli ni kwamba herufi hizo zinaonyesha tu lini gari lilisajiliwa hapa nchini. IST ya mwaka 2004 iliyochelewa kuingia inaweza kuwa na herufi changa kuliko ya mwaka 2008 iliyowahi. Mnunuzi wa Biharamulo anayelipa zaidi kwa ajili ya herufi hajanunua uimara wowote.

Lipo jambo jingine ambalo halikupewa uzito. Hadi mwaka 2017 kila mwenye gari alilipa ada ya mwaka ya leseni ya gari. Katika bajeti ya Juni mwaka huo Serikali iliifuta ada hiyo na kuongeza ushuru wa mafuta kwa Sh40 kwa lita. Wenye magari walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwani ada ilidaiwa hata kwa gari bovu lililolala uani. Lakini kufutwa kwake kuliondoa siku pekee katika mwaka ambayo kila gari lilipaswa kujitokeza mbele ya Serikali kwa namba yake. Kilichobaki ni bima, ambayo hukatwa bila mtu kuliona gari, na stika ya usalama barabarani.

Wenzetu wanapima nini

Uingereza ilianzisha ukaguzi wake, maarufu kwa jina la MOT, mwaka 1960. Mwanzoni ulihusu magari yaliyozidi umri wa miaka 10. Mwaka 1967 umri huo ulishushwa hadi miaka mitatu, na tangu hapo gari hurudi kila mwaka. Majibu yanahifadhiwa kwenye kompyuta, na yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuyasoma bila malipo: tarehe ya ukaguzi, maili zilizotembewa, limefaulu au limeshindwa, na sababu.

Tangu Mei 2018 kasoro zinazokutwa huko hupangwa katika makundi: ndogo, kubwa na za hatari. Yenye kasoro ndogo hufaulu na mwenyewe huambiwa akarekebishe. Yenye kasoro kubwa hushindwa. Yenye kasoro ya hatari haliruhusiwi kuendeshwa mpaka litengenezwe.

Ujerumani nayo hulikagua gari la binafsi miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila miaka miwili, na taasisi za TÜV huchapisha kila mwaka ripoti inayolinganisha magari kwa aina na umri. Toyota Yaris, ambayo kwetu tunaiita Vitz na ambayo ni ndugu wa karibu wa IST, imejijengea jina zuri katika ripoti hizo.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, magari madogo ya Toyota si mabovu kwa asili yake. Yakitunzwa, huzeeka kwa heshima. La pili, yanayoyaangusha magari huko Uingereza mara nyingi ni mambo yasiyo ya ajabu: taa, saspensheni, breki na tairi. Hayo ni mambo ambayo fundi wa kawaida anaweza kuyamaliza kwa siku moja, ilimradi kuna mtu aliyeyaona na kuyaandika.

Hata hivyo, sifa ya Yaris huko Ujerumani haiwezi kuazimwa na IST ya Benako. Gari ni lile lile, kazi ni nyingine.

Hesabu ya uzito

Sheria za Japani humhesabu mtu mmoja kwa kilo 55. Kwa hiyo gari la viti vitano hukadiriwa kubeba watu wenye uzito wa kilo 275. Sasa chukua mchomoko wenye watu tisa: wawili kiti cha mbele pamoja na dereva, wanne kiti cha nyuma, na wawili waliojibana kwenye buti. Kwa kilo 60 kila mmoja, hiyo ni 540. Gari limebeba karibu mara mbili ya lilichokusudiwa, kabla hujaweka mkungu wa ndizi na gunia la maharage.

Uzito huo hutua kwanza kwenye breki. IST nyingi zina breki za diski mbele na za dramu nyuma. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa kuushukia mto Kagera pale Rusumo, dereva anayeegemea pedali badala ya kushuka na gia ndogo huzipasha moto mpaka zinapoteza nguvu. Kama mafuta ya breki ni ya zamani, yamekwishavuta unyevu, na yakichemka pedali huzama mpaka chini bila gari kusimama. Gari hilo hilo, likiwa tupu kwenye uwanja tambarare, linaweza kusimama vizuri na kumridhisha kila mtu.

La pili ni saspensheni. Ili gari lisiguse chini katika barabara za vumbi kama zile za kwenda Rulenge na Murusagamba, wamiliki wengi huliinua kwa kuweka spesa juu ya springi. Gari hupanda, na mwenyewe huridhika. Lakini pembe za magurudumu hubadilika, tairi huliwa upande mmoja, na jointi za ekseli, bushi na boljointi huchoka mapema. Boljointi ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena.

La tatu ni tairi. Tairi nyingi zinazouzwa mikoani ni za mtumba, na mnunuzi huangalia kashata peke yake. Uingereza hudai kashata zisipungue milimita 1.6. Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2314 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo unaweza kuwa na kashata nzuri na bado ukapasuka, hasa gari likiwa limezidisha uzito na jua ni kali.

La nne ni taa na mikanda. Katika barabara ambamo lori lililoharibika linaweza kulala katikati ya njia bila kiakisi mwanga, taa moja iliyoungua ni kosa kubwa. Na katika gari lenye mikanda mitano na watu tisa, wanne hawana pa kujishika. Taa ya onyo ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi nayo mara nyingi huwaka bila mtu kujali, au imekwishakatwa waya ili isimsumbue mnunuzi.

Stika na macho ya mkaguzi

Sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani gari lenye ubovu unaohatarisha watu, na inawapa polisi mamlaka ya kulisimamisha. Lipo Baraza la Taifa la Usalama Barabarani. Ipo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za iliyokuwa SUMATRA, ambayo hutoa leseni za magari ya biashara ya abiria. Na wapo askari wa usalama barabarani wenye taaluma ya ukaguzi wa magari.

Kwa miaka mingi ukaguzi uliowagusa wenye magari wengi ni ule unaoambatana na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Gari hupelekwa, hukaguliwa, hulipiwa, na stika hubandikwa kiooni. Malalamiko yaliyosikika mwaka hadi mwaka ni kwamba stika imekuwa ikinunuliwa kama risiti, wakati mwingine bila gari lenyewe kuonekana.

Lakini hata tukichukulia kwamba kila stika ilitolewa kwa haki, tatizo la msingi linabaki pale pale. Stika ina jibu moja tu: ndiyo. Haisemi breki ya nyuma kushoto ilikuwa na nguvu kiasi gani. Haisemi gari lilishindwa mara ngapi kabla ya kufaulu. Mwaka ukiisha inabanduliwa, na kila ilichojua kinatupwa nayo.

Itakuwa si haki kuwatupia lawama zote askari. Mkaguzi wa wilayani ana macho, tochi, uzoefu na kipande cha barabara cha kujaribia gari. Hana mashine ya kupima breki kwa kila gurudumu, ambayo ndiyo inayoonyesha kama upande mmoja unakamata na mwingine unateleza. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kina kituo cha ukaguzi wa magari, lakini kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Rusumo.

Upande wa dereva nako kuna hesabu yake. Kila jioni anadaiwa na tajiri wake kiasi walichopatana, ambacho wenyewe hukiita hesabu. Akisimamishwa kwa ubovu, faini iliyozoeleka kwa magari ni Sh30,000 kwa kosa. Akilipa, anaendelea na safari na ubovu wake. Faini imeingia kwenye mfumo, ubovu haukuingia. Siku inayofuata huenda usukani ukashikwa na deiwaka ambaye hata hajui kwamba jana gari lilikamatwa.

Matokeo yake ni kwamba ukaguzi wa kina hufanyika baada ya ajali. Hapo ndipo mkaguzi huitwa, gari hufunguliwa, na ripoti huandikwa kwamba breki zilishindwa kufanya kazi. Taifa liliona hali hiyo Mei 6, 2017, ajali ya Karatu ilipoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha. Baada ya msiba huo ndipo ukaguzi wa magari ya shule uliposhika kasi nchini.

Na hata hesabu ya wanaokufa haina uhakika. Katika ripoti yake ya mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilionyesha kuwa Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya ajali za barabarani kwa mwaka 2016, wakati shirika hilo lilikadiria vifo 16,252. Nchi yenye tofauti kubwa kiasi hicho katika kuhesabu wafu haishangazi inaposhindwa kuhesabu boljointi.

Ng'ambo ya daraja

Mkazi wa Ngara hahitaji kwenda Ulaya kuona utaratibu tofauti. Anavuka tu daraja la Rusumo, ambalo pamoja na kituo cha pamoja cha forodha lilizinduliwa Aprili 6, 2016 na marais John Magufuli wa Tanzania na Paul Kagame wa Rwanda. Upande wa pili magari hukamata kulia, na hulazimika kupita kwenye ukaguzi unaoendeshwa na polisi wa nchi hiyo kwa kutumia mashine: ya binafsi mara moja kwa mwaka, ya abiria mara mbili. Gari likishindwa, mwenye gari hupewa orodha ya kasoro na kutakiwa kurudi akishatengeneza.

Hiyo haina maana kwamba kila mashine huleta heri. Uganda iliwahi kuikabidhi kazi ya ukaguzi wa magari yote kampuni ya SGS. Gharama na uhalali wa mkataba vikalalamikiwa, na mwaka 2017 Bunge likataka kazi hiyo isimame. Wananchi waliuona ukaguzi kama tozo nyingine. Pale ambapo mtu analipa na hapati maelezo ya kumsaidia, ndivyo atakavyouona daima.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi mkali utaondoa magari barabarani, na mgonjwa wa Murusagamba atabaki bila usafiri. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mchomoko mbovu bado humfikisha mjamzito hospitali usiku ambao hakuna gari jingine. Askari anayeuzuia leo lazima ajiulize kesho watu watapanda nini.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kuna njia mbili tu, kuruhusu au kukamata. Utaratibu wa kasoro ndogo, kubwa na za hatari unaonyesha njia ya kati. Waipa iliyochakaa haitoshi kulilaza gari. Breki iliyokufa upande mmoja inatosha. Leo makosa hayo mawili yanaweza kutozwa faini ile ile na kuisha kwa namna ile ile, na hapo ndipo dereva anapojifunza kwamba ubovu wote ni sawa.

Pia inasahauliwa kuwa matengenezo ya mapema ni nafuu kwa tajiri mwenyewe. Boljointi ni kifaa kidogo. Ikiachwa ikachomoka, inachukua bodi, injini, na pengine roho za watu, pamoja na kesi mahakamani. Mmiliki anayeishi Kahama au Mwanza na kulikabidhi gari lake kwa dereva angenufaika kuliko mtu yeyote kwa kupata kila mwaka karatasi inayomweleza hali ya mali yake.

Nini kifanyike

Mambo matano yanawezekana bila kusubiri muujiza.

Kwanza, kila ukaguzi uache karatasi yenye majibu. Breki, usukani, saspensheni, tairi, taa, mikanda, kila kimoja kwa mstari wake, pamoja na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Kuandika kilomita peke yake kungewapunguza wanaochezea odomita kabla ya kuuza.

Pili, majibu hayo yaingizwe kwenye mfumo kwa namba ya gari, kama zinavyoingizwa faini. Njia imekwishajengwa. Mfumo unaoweza kumwambia mnunuzi kwamba IST inadaiwa Sh60,000 unaweza pia kumwambia kwamba mwezi uliopita ilishindwa ukaguzi wa breki.

Tatu, gari likikutwa na kasoro, faini isiwe mwisho wa shauri. Lipewe siku maalumu za kurudi likiwa limetengenezwa, na lisiporudi, leseni yake ya LATRA isimame.

Nne, ushoroba huu upate kituo chenye mashine ya kupima breki, mahali kama Lusahunga, Nyakanazi au Benako, kiyahudumie malori na magari madogo kwa pamoja. Malori yapitayo hapo kila siku yanaufanya uwekezaji huo uwe na maana hata kama michomoko ingekuwa michache.

Tano, takwimu zichapishwe kila mwaka kwa aina ya gari na kwa wilaya. Tukijua kwamba IST zinashindwa zaidi kwa boljointi huko Ngara na kwa tairi huko Biharamulo, tutajua spea zipi zikaguliwe dukani, mafundi wafundishwe nini, na barabara zipi zinayala magari.

Wakati hayo yakisubiriwa, abiria ana silaha ndogo alizonazo. Anaweza kusoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi kabla ya kupanda. Anaweza kutazama kama tairi ya mbele imeliwa upande wa ndani. Anaweza kumwomba dereva akanyage breki na kuangalia kama taa tatu za nyuma zinawaka. Na anaweza kukataa kuwa mtu wa tisa. Ni haki yake, ingawa tunafahamu kwamba saa mbili usiku, mtoto akiwa na homa, haki hiyo huwa nzito kuitumia.

Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachwa kwa abiria. Dola ndiyo iliyoliruhusu gari kuingia bandarini, ikalipa namba, ikalitoza ushuru na ikalitoza faini. Limebaki jambo moja la kulifanyia gari hilo kila mwaka: kulifungua, kulipima, na kuwaeleza wananchi kilichoonekana.